Shuka la Jua

Fundi Gwakisa hakutaka kusikia habari za paneli za jua kwanza. Alifuta kiti kwa kitambaa, akamkaribisha Subilaga akae, kisha akalizunguka lile gari lililoegeshwa mbele ya karakana yake pale Uyole. Lilikuwa kipanya, basi dogo la zamani, rangi imechujuka, bati la ubavuni limepigwa viraka. Alipanda ngazi, akapima paa kwa futi ya mkanda, akashuka.

"Mama, watu wanakuja hapa wananiambia nataka paneli nne, nataka sita," alisema. "Mimi nawaambia, acheni paneli. Niambieni mnaishije. Ukiamka unawasha nini? Ukilala ni kitu gani kinabaki kinawaka?"

"Kinachobaki kinawaka ni mashine," Subilaga akajibu.

"Mashine gani?"

"Ya oksijeni. Ya Baba Ipyana."

Gwakisa akageuka. Mzee Anyosisye, mume wa Subilaga, alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, mpira mwembamba umepita chini ya pua yake, waya wa mashine umeunganishwa na soketi ya karakana. Alipitisha kiganja kwenye usukani taratibu, akarudia tena, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyepotea na kurudi nyumbani mwenyewe.

Gari hilo lilikuwa lao tangu ujana. Walilinunua likiwa kuukuu, wakang'oa viti vya nyuma, wakapachika makabati ya kutotolea mayai. Walipita vijijini wakikusanya mayai ya wenyeji, na walipozunguka tena walirudisha vifaranga. Watoto wao wawili walijifunza kutembea wakishikilia makabati hayo. Baadaye wakajenga Tukuyu, watoto wakakua, wakatawanyika, na kipanya kikabaki bandani nyuma ya nyumba kikifuga buibui. Kisha mapafu ya Anyosisye yakaanza kuchoka. Daktari alisema anaweza kuishi popote mradi mashine isizimike usiku, na mchana apate saa chache. Mzee alitafakari wiki nzima, halafu akamwambia mkewe, "Kama nitakuwa mtu wa kitandani, basi kitanda kiwe na magurudumu."

Ipyana, mtoto wao mkubwa, alipiga simu kutoka Dodoma, akagomba, akanyamaza, akapiga tena. Mwisho alisema tu, "Hakikisheni umeme."

Na umeme ndio uliokuwa kazi. Siku hizo nguzo zilikuwa zimebaki mijini. Dhoruba za miaka ile zilipoziangusha huko milimani, hakuna aliyerudi kuzisimamisha. Kila nyumba ilijitegemea kwa kilichokuwa juu ya paa lake. Dizeli nayo ilitolewa kwa mgawo, ya kutosha kuhama kutoka pale mpaka pale. Hakuna aliyethubutu kuacha injini ikiunguruma gari limesimama.

"Sawa," Gwakisa alisema, akachukua chaki na kuanza kuandika kwenye sakafu. "Taa, redio, simu, friji dogo, hivyo vyote ni makombo. Mlaji ni mashine. Usiku kucha inakula, inakula, na jua halipo. Kwa hiyo kwanza ni betri. Za asidi sahau, ni nzito na ukizimaliza zinakufa. Nitakuwekea za lithiamu, mbili kubwa, chini ya kitanda. Paneli tatu juu ya paa, kwenye fremu inayoinuka, ili mzigeuzie jua. Waya mnene, maana waya mwembamba unapoteza umeme njiani na unaweza kuunguza gari. Mtapika kwa gesi. Jiko la umeme msilifikirie."

"Itatosha?"

"Usangu itatosha na chenji itabaki. Bondeni kote kule. Mnataka kukaa wapi?"

Subilaga alisita. "Anataka Matamba. Ndiko tulikoanzia."

Fundi akaweka chaki chini. Matamba iko juu kabisa, kwenye mabega ya Kitulo, na msimu wa mvua ulikuwa mlangoni.

"Kule ukungu ukikaa, paneli hizihizi zitakupa umeme wa kuwasha redio," alisema kwa sauti ya chini. "Siku ya kwanza betri zitakubeba. Ya pili utaanza kuomba Mungu. Ya tatu, mama, sitaki kukudanganya."

Ndani ya gari mzee alikohoa. Kikohozi kilikuwa kirefu, na kilipokwisha alikaa ameinamisha kichwa juu ya usukani mpaka pumzi iliporudi. Subilaga alimtazama mpaka alipoinua kichwa.

"Hakuna kitu kingine?"

Gwakisa alitazama mlango wa stoo. "Kipo. Sikushauri. Nakuonyesha tu kwa sababu umeuliza."

Alitoka stoo na bunda la kitambaa cheusi, kizito kama blanketi lililolowa. Alilikunjua kidogo tu, upana wa mkeka wa kuswalia, akalisogeza mlangoni penye mwanga. Uwanja mzima ukafifia. Mwanamume aliyekuwa akibadilisha tairi upande wa pili aliinua uso kutafuta wingu, hakuliona, akarudi kwenye tairi lake. Gwakisa akakunja kitambaa, na mchana ukarudi kama ulivyokuwa.

"Wanaliita shuka," alisema. "Paneli inasubiri jua liifikie. Hili linalivuta. Hata kwenye ukungu, mwanga upo, ila umetawanyika. Hili linaukusanya wote. Litawasha mashine usiku na mchana, na jiko la umeme, na hita."

"Linauvuta kutoka wapi?"

"Pembeni. Eneo kama kiwanja cha mpira."

"Na pembeni kunabaki nini?"

"Inategemea umeegesha wapi. Mjini limekatazwa. Kule juu hajafika mtu wa kuuliza."

Subilaga alilinunua pamoja na zile betri mbili, akamwambia mumewe kwamba ni aina mpya ya paneli, nyepesi, isiyovunjika. Mzee aliridhika. Siku zote mambo ya umeme alikuwa anamwachia yeye.

*

Walipanda kona za Chimala asubuhi, gari likinguruma kwa gia ya kwanza, na kila kona Anyosisye alikuwa na la kusema. Hapa ndipo tulipotobokewa rejeta. Hapa ulishuka ukatembea kwa miguu kwa hasira, ukasema heri kufa kwa kutembea. Hapa Ipyana alitapikia mayai. Subilaga alicheka mpaka ikabidi apunguze mwendo. Ilikuwa miaka hajamsikia akiongea kwa muda mrefu namna ile.

Edina Tweve aliwapokea uani kwake, juu kidogo ya soko la Matamba. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mikono ya mtu aliyelima viazi maisha yake yote. Walipokuwa wakija zamani alikuwa mtoto, na mama yake ndiye aliyekuwa mwenyeji wao. Mama alikwishafariki. Edina aliwashika mikono wote wawili kwa pamoja.

"Kamwene," aliwasalimia. "Mama aliwataja mpaka mwisho. Watu wa vifaranga."

"Mama yako alituokoa," Anyosisye akasema.

"Hadithi hiyo naijua, lakini isimulie."

Akaisimulia, huku akipumzika katikati ya sentensi. Mwaka wao wa kwanza walikuwa na paneli moja tu yenye ukubwa wa sinia, na betri ya lori iliyochoka. Ukungu ukakaa, betri ikafa, na makabati yalikuwa yamejaa mayai ya kijiji kizima. Mama yake Edina aliyahamishia jikoni, juu ya kichanja cha moshi, na yaliyobaki wakalala nayo kitandani, yeye na watoto wake na wageni, kila mtu na mayai yake tumboni, hakuna anayegeuka.

"Mimi nilikandamiza mawili," Edina alisema. "Mpaka leo sijasema."

"Tulijua," Subilaga akamwambia. "Gauni lako lilikuwa limelowa."

Wakacheka wote watatu, pale uani, ukungu ukipita kati yao kama moshi wa jiko.

Kipanya kiliegeshwa kando ya shamba la pareto, karibu na banda la kuku. Subilaga akapanda ngazi, akatandaza shuka juu ya paa, akalifunga kwa kamba. Jioni ile mashine iliunguruma bila kukatika. Kesho yake ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nyumba ya Edina haikuonekana, na bado betri zilikuwa zimejaa kabla ya saa sita. Subilaga alichemsha viazi kwa jiko la umeme. Akawasha hita. Anyosisye akavua koti mle ndani, akakaa na fulana, akasikiliza redio na miguu yake imenyooshwa kitandani. Uso wake ulirudiwa na rangi. Baada ya wiki chache aliweza kutoka na kukaa kwenye kiti cha kamba, mpira wake umerefushwa kupita dirishani, akisalimiana na wapita njia waliomkumbuka na wengine waliojifanya kumkumbuka.

Subilaga alimtazama na kujiambia kwamba amefanya vizuri. Alijiambia hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kitu cha kwanza kilikuwa taa ya Edina. Alikuja kuazima mshumaa, akasema paneli yake imezeeka ghafla, haijazi simu. Subilaga akampa mshumaa na akajitolea kumjazia simu kwenye gari. Edina akashukuru. Kisha ikawa pareto. Maua yaliyochumwa yalianikwa kwenye vichanja nyuma ya nyumba, na kawaida, hata msimu wa mvua, vipindi vifupi vya jua viliyakausha. Safari hii yalibaki na unyevu, yakageuka kahawia, halafu yakaota ukungu mweupe kama unga.

"Mwaka huu hali ya hewa imetuchukia upande huu," Edina alisema, akimwaga kichanja kizima shimoni. "Kule juu kwa shemeji yangu yanakauka vizuri. Sijui tumekosa nini."

Alasiri hiyo Subilaga alisema anakwenda kunyoosha miguu. Alipita shamba la pareto, ambalo upande wa gari lilikuwa limepauka na kurefuka, mashina yameinama kwa kutafuta mwanga. Akapanda mteremko. Mwanga ulikuwa wa kijivu, wa kawaida kabisa kwa mtu asiyekuwa na sababu ya kuutilia shaka. Alipofika kwenye uzio wa shemeji, kivuli chake kikatokea mbele yake kwenye majani. Akasimama. Akarudi hatua moja, kivuli kikayeyuka. Akasogea tena mbele, kikarudi.

Alikaa pale kwa muda mrefu. Kutoka pale aliweza kuona bonde lote likiwa limemulikwa na jua dhaifu la alasiri, na katikati yake duara la machweo, na ndani ya duara hilo nyumba ya Edina, banda lake, vichanja vyake, na kile kipanya.

Alirudi akapika chakula.

*

Anyosisye aliligundua mwenyewe, na kilichomwambia ni kuku.

Alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, chakula cha mchana bado hakijashuka tumboni. Jogoo la Edina lilipita mbele yake likitembea taratibu, majike nyuma yake. Wakaingia bandani mmoja mmoja, wakapanda kwenye fito, wakajikunyata.

"Mama Ipyana," aliita. "Njoo uone. Kuku wanakwenda kulala."

Subilaga alitoka akifuta mikono. "Labda kuna mwewe."

"Mwewe angewakimbiza. Hawa wamekwenda wenyewe, kwa mstari. Jana pia, nikadhani nimesinzia nikapoteza saa." Alitazama juu, kisha pembeni, kisha paa la gari. Alikuwa ameishi na kuku na mwanga maisha yake yote. Alikuwa amewahi kudanganya kuku kwa taa ili watage zaidi. "Hilo tambaa linafanya nini?"

"Linatoa umeme."

"Nakuuliza linafanya nini."

Subilaga akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake. Akamwambia yote. Karakana, mtu wa tairi aliyetafuta wingu, kivuli chake kwenye uzio. Hakuacha kitu. Alipomaliza, mzee alikuwa anatazama vichanja vilivyo wazi nyuma ya nyumba ya Edina.

"Lishushe," alisema.

"Nikilishusha, kesho kutwa mashine inazimika."

"Lishushe."

"Unaniambia nikuue."

"Nakuambia ulishushe, basi. Mengine tutayaona." Alisubiri pumzi. "Mama wa huyu mtoto alilala na mayai yangu tumboni. Mimi nimekuja kumzimia jua."

"Mimi ndiye niliyekuja kumzimia. Na ningefanya tena." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Wewe hujui unavyolala. Mimi ndiye ninayekusikia. Kila ukinyamaza nakaa kitandani nikisubiri uvute nyingine. Sasa nimelala mwezi mzima. Unanielewa? Mwezi mzima nimelala kama mtu."

Anyosisye alinyoosha mkono. Hakumfikia, kwa sababu mpira ulimzuia, ikabidi Subilaga asogeze ndoo.

"Basi tumwombe Edina," alisema Subilaga. "Tumweleze. Tumwambie aanike pareto kule juu kwa shemeji, tumpe umeme wa nyumba nzima kutoka huku. Akikubali, si tatizo tena."

"Usimwombe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu atakubali. Nani anamwambia mgonjwa hapana, mbele ya mashine yake? Neno ndiyo atakalolisema halitakuwa lake. Utakuwa umemchukulia jua na ukamchukulia na mdomo."

Edina alikuwa amekwishatoka jikoni na beseni la viazi, na alikuwa amesimama karibu kuliko walivyodhani. Hawakujua amesikia kiasi gani. Aliweka beseni chini.

"Pareto zangu," alisema.

"Ni sisi," Subilaga akajibu.

Edina alikwenda mpaka kwenye kichanja kilichokuwa bado na maua, akachota kiganja, akayaponda kati ya vidole, akanusa. Alifanya hivyo polepole sana. Walimngoja.

"Mngeniambia siku ya kwanza, ningeanika juu," alisema. "Lingekuwa jambo dogo. Nimemwaga mavuno ya mwezi mzima nikimwuliza Mungu nimefanya nini." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Sasa mmeniambia, mnataka niseme nini? Niseme ondoeni, baba afie njiani, halafu nilale vipi? Bakini nalo. Bakini."

"Tunaondoka," Anyosisye akasema.

"Nimesema bakini."

"Nimesikia, mwanangu. Asante. Tunaondoka asubuhi, betri zikiwa zimejaa."

Edina alichukua beseni lake akaingia ndani. Hakuja kula nao jioni ile. Asubuhi, Subilaga alipokuwa ameshalikunja shuka na kulifunga kwa kamba, jua lilichungulia kwenye ukungu na kuanguka juu ya uwanja kwa nguvu hata kuku wakatoka bandani wakikimbizana. Edina alikuwa amesimama mlangoni akiwatazama. Alimkumbatia mzee kwa muda mrefu. Subilaga alipewa mkono tu, naye akaona anastahili hivyo.

*

Waliporudi Uyole, Gwakisa alifunga paneli tatu kwenye fremu yake, akapitisha waya mnene, akaweka fyuzi karibu na betri, akamfundisha Subilaga kusoma kipimo. Hakuuliza yaliyotokea Matamba. Alipomaliza alilitazama lile bunda jeusi lililokuwa sakafuni.

"Naweza kukutafutia mnunuzi," alisema. "Linatafutwa."

"Na mimi nalitafuta," sauti ikasema.

Mwanamume wa miaka kama arobaini alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alijitaja kuwa Nsubisi Mwakaje. Alikuwa fundi cherehani, anaishi kwenye gari lake na kushona sare za shule kutoka kijiji hadi kijiji, na mama yake alikuwa naye humo ndani. Alimwonyesha Subilaga gari lake kwa kidole. Kupitia dirisha la gari hilo dogo alionekana bibi kizee amelala chali, mpira chini ya pua.

"Nimesikia una shuka na hulitaki," Nsubisi alisema. "Mama yangu kwao ni Kitulo. Anataka kurudi kwao."

Subilaga akamweleza. Alimweleza polepole, pareto iliyooza na taa iliyokufa na kuku waliokwenda kulala mchana, na jinsi mwenye uwanja alivyoshindwa kusema hapana. Nsubisi alisikiliza mpaka mwisho, akizungusha kofia.

"Ni vibaya," alikubali. "Lakini ungekuwa wewe, mama, mgonjwa ni wako, ungefanyaje?"

"Nilikuwa mimi," Subilaga akasema.

Subilaga alimwomba Gwakisa mkasi wa kukatia bati. Fundi alimwambia ni mali yake, afikirie, kitu kama hicho hakipatikani hovyo. Alimpa mkasi hata hivyo. Shuka lilikuwa gumu kukata. Kwa kila mkato uwanja uliingia giza kidogo na kutoka, kama mtu anayepepesa macho, na watu wa karakana waliacha kazi zao wakatazama. Mikono ilipomuuma alipumzika, kisha akaendelea. Nsubisi alisimama pale pale akiangalia, taya limekaza, mpaka kipande cha mwisho.

"Umemkata mama yangu," alisema.

"Najua unavyoona. Sisi tunakwenda Usangu, karibu na Igurusi, upande wa mashamba yaliyovunwa. Kuna jua. Una paneli ngapi?"

"Mbili."

"Sisi tatu. Gwakisa, zinaweza kuunganishwa? Magari mawili, betri pamoja?"

"Zinaweza," fundi alisema. "Mkiegesha karibu. Na mkielewana."

Nsubisi aliondoka bila kuaga. Subilaga alidhani hatamwona tena.

*

Alikuja baada ya wiki mbili, jioni, gari lake likiwa limejaa vumbi la Usangu mpaka kwenye vioo. Hakutaja karakana. Alishusha waya, akauliza chanya ni upi. Waliegesha magari ubavu kwa ubavu, paneli tano zikielekea upande mmoja, na kuanzia siku hiyo umeme wao ukawa mmoja.

Ilikuwa nchi tambarare, ya mabua ya mpunga na ndege wengi, yenye joto ambalo Anyosisye hakulipenda. Milima ilikuwa mbali upande wa kusini, imefunikwa na mawingu siku nyingi, na hakuwa anaitazama sana. Subilaga alipika kwa gesi. Usiku mashine mbili zililia kwa sauti tofauti kidogo, na alijifunza kulala katikati ya sauti hizo, ingawa si kama alivyolala Matamba. Bi Tulinagwe, mama yake Nsubisi, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo na mkubwa wa maneno. Alilalamikia joto, mbu, na stesheni ya redio ambayo Anyosisye aliichagua. Anyosisye alilalamikia malalamiko yake. Nsubisi alishona sare, Subilaga akawa anatia vifungo.

Halafu mawingu yakafika hata huko. Siku ya kwanza kipimo kilishuka kidogo. Siku ya pili Subilaga alizima friji. Siku ya tatu yeye na Nsubisi walisimama mbele ya kipimo na kukisoma, kisha wakakubaliana: usiku mashine zote mbili, kwa hiyo mchana moja tu, kwa zamu, mpaka wingu lifunguke.

Waliwaeleza wagonjwa chini ya turubai lililofungwa kati ya magari. Wote wawili walikuwa wamekaa kwenye viti, wakitazamana.

"Mpe yeye kwanza," Bi Tulinagwe alisema. "Mimi ni mkubwa wake. Nimeshapumua vya kutosha."

"Mkubwa wangu tangu lini?" Anyosisye akauliza. "Mkubwa ndiye anayehudumiwa kwanza. Kama ni mkubwa, kaa, upewe."

"Ulizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka ule mto ulipochukua daraja."

"Lipi? Daraja lilichukuliwa mara mbili."

"Mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza mimi nilikuwa nimeshabeba maji kichwani. Nilikuwepo. Niliona mbao zikipita."

"Uliona za mara ya pili."

Nsubisi alikuwa ameshamvalisha mama yake mpira na kuwasha. Mashine ikaunguruma. Bi Tulinagwe akaendelea kueleza daraja, mbao zake, jina la mtu aliyeokolewa juu ya paa la kibanda, ng'ombe aliyekwama kwenye mti. Anyosisye alimkatiza kila alipoweza. Subilaga alikaa nyuma ya mumewe na sare mapajani, akimsikiliza. Maneno yake yalikuwa yanapungua. Matatu, kimya, mawili, kimya. Kucha zake zilikuwa zimeanza kubadilika rangi. Alitaka kumwambia anyamaze, atunze alichonacho. Badala yake alichoma sindano kwenye kifungo.

Zamu ilipofika Nsubisi alihamisha plagi. Subilaga alimvalisha mumewe mpira, akaurekebisha masikioni, akabaki ameshika bega lake mpaka kifua kilipoanza kupanda na kushuka vizuri. Upande wa pili Bi Tulinagwe alijaribu kuendelea na ng'ombe wake, akafika nusu, akakosa pumzi, akafunga mdomo kwa ghadhabu.

Anyosisye alisubiri kwa adabu. Kisha akavuta kiti chake mbele kidogo.

"Pumzika," alimwambia. "Zamu ni yangu. Niambie tu kwa kichwa kama nakosea. Ng'ombe alikuwa mwekundu?"

Bi Tulinagwe alitikisa kichwa kukataa.

"Mweusi?"

Alitikisa tena.

"Basi alikuwa wa madoa," Anyosisye akasema, na bibi akaitikia, na mzee akaichukua ile hadithi ya daraja kutoka hapo bibi alipokuwa ameiachia, akaendelea nayo.